Alama Juu ya Mzinga

Kiritiri, Jumapili

Baba Kagure,

Sisi tuko salama. Mbuzi mweupe amezaa, lakini mvua ni manyunyu tu.

Nilikuambia kwa simu kwamba nawaza kufuga nyuki nyuma ya jikoni. Ukacheka, ukasema nyuki ni kazi ya wanaume. Nikauza kuku wangu, nikanunua mzinga, nikaupaka nta ndani ili nyuki wauzoee. Kabla hawajaingia, ndugu yako Muchangi akaja na chuma cha moto, akachoma juu yake alama ya ukoo wenu. Eti wewe ndiye uliyemtuma, kwa sababu mwanamke hana alama.

Umemtuma! Kagure alipolazwa hospitalini hukumtuma mtu. Upepo ulipong'oa mabati hukumtuma mtu. Leo mzinga mtupu ndio umekukumbusha kwamba una boma?

Nimeikwangua alama yenu kwa panga, nikachoma yangu. Jana nyuki wameingia, na ni wakali. Siku utakayotoka huko Meru kwa huyo mwanamke wako, usipitie nyuma ya jikoni kama zamani. Piga hodi langoni.

Hawakujui.

Ni mimi,
Veronicah