Abiria wa Kukaa

Jumapili, jioni. Mvua ilitukuta tukitoka ibadani na sasa ndiyo imeacha. Mawe ya mlimani nyuma ya nyumba yanang'aa kama yamepakwa mafuta, Buswelu nzima inanukia udongo. Nimechemsha chai ya mchaichai, nimekaa peke yangu. Mwili uko hapa, moyo uko Nairobi.

Kisa chenyewe ni kidogo tu. Leo pale mjini nilipanda gari la kurudi nyumbani, konda akaita kwamba limejaa, tunaondoka. Nikajikuta nawatazama abiria usoni mmoja mmoja, nakisia nani kati yao atashuka. Hakushuka mtu. Wote walikuwa wanakwenda kweli. Nikacheka peke yangu, na mama mmoja akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona mgonjwa.

Angejua.

Dada yangu Perusi, niliyefuatana naye kuzaliwa, aliolewa Kenya. Sisi ni watu wa Majita, kando ya ziwa, na kwetu mtu kuolewa ng'ambo ya mpaka si ajabu. Yeye na mumewe wakahamia Nairobi, mtaa wa Kayole, na huko mume akamwacha mjane. Alipougua tumbo akalazwa, nilipanda basi stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, nikaenda kumuuguza. Nilikuwa sijawahi kulala nje ya Tanzania. Wanawe walikuwa makazini, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kupika uji, kuutia kwenye chupa ya chai, na kuufikisha hospitali, upande wa pili wa jiji.

Jamani, jiji lile na mabasi yake!

Basi lina muziki wa kupasua masikio, lina taa za rangi mchana kweupe, ubavuni wamechora wacheza mpira. Mvua ikidondoka kidogo tu, nauli inapanda papo hapo, na hakuna anayeshangaa isipokuwa mimi mgeni. Konda wao wanamwita makanga. Anapaza sauti, "Mmoja aende! Mmoja wa mwisho!" Unakimbia na magoti yako mabovu, unaingia, unakuta kweli, kimebaki kiti kimoja. Unakaa, unamshukuru Mungu.

Halafu haliondoki.

Siku ya kwanza niliingia na adabu zangu za Mwanza. Nikasema, "Shikamooni." Mama mmoja tu mnene, mwenye kilemba cha kijani, ndiye aliyeitikia: "Mzuri sana!" Nikakaa kando yake. Nikatoa mihogo ya kuchemsha nikamkaribisha, maana kula peke yako mbele ya mtu sisi hatujui. Wengine wakanitazama kama nimebeba sumu. Yeye akachukua kipande, akala, akachukua kingine.

Nikaona nimepata mwenyeji. Na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa mzito, nikainama nikaliombea lile gari kwa sauti: dereva, makanga, matairi, na kila abiria afike salama aendako. Nikasema amina. Nilipofumbua macho, watu walikuwa wameanza kushuka, na mama wa kilemba akiwa miongoni mwao.

Nilijua nimewaudhi. Nikasema moyoni, kumbe jiji hili halitaki maombi.

Kesho yake nikakuta sura zile zile, na zikashuka vile vile. Kesho kutwa, hivyo hivyo. Mwisho uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza yule mama kama kila siku huwa anasahau kitu nyumbani.

Alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Mama Tanzania, mimi siendi mahali! Mimi hukaa tu."

Ndipo akanieleza. Hakuna anayependa kupanda basi tupu, maana litakesha pale. Kwa hiyo wenye basi wanawalipa watu wakae ndani, lionekane karibu linajaa. Abiria wa kweli akiingia, mmoja wa kukaa anashuka, anakwenda kukaa kwenye basi la nyuma. Kutwa nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na jina lake Rispa.

"Lakini dada Rispa," nikamwambia, "huoni kama huo ni uongo mbele za Mungu?"

"Uongo gani? Kwani mimi nimesema nini? Nimekaa. Si nimekaa?"

Nikamsogezea kipande kingine cha muhogo, akala.

Tukawa marafiki. Ananishikia kiti cha dirishani, namletea mihogo, ananiuliza hali ya Perusi kwa jina lake kama mtu anayemjua. Sitaficha, nilifika mahali nikaanza kuipenda ile subira ya kungoja basi lijae. Ugenini, kuulizwa habari za nduguyo kwa jina ni kama kupewa maji ya kunawa.

Halafu ikaja asubuhi ile.

Perusi alikuwa apasuliwe mchana. Binti yake, Akoth, akanipigia simu kutoka hospitali wakati natia uji kwenye chupa. Upasuaji umesogezwa, wanamtaka sasa hivi, na mama amekataa kabisa kuingia kabla sijafika kumwombea. Daktari amesema nafasi ikipita hajui itapatikana lini nyingine, na lile tumbo haliwezi kungoja. "Mama mdogo, kimbia!"

Nje mvua ilikuwa kubwa. Nauli iko juu, watu wamejibanza vibarazani wanasubiri ishuke. Nikaingia kwenye basi la mbele, nikaangalia viti. Wote ni wa kukaa. Abiria wa kweli nilikuwa mimi peke yangu. Pikipiki niliziogopa kwenye utelezi ule, na njia nyingine ya kufika sikuijua. Nikasimama katikati ya basi na chupa yangu, machozi yakanitoka.

Rispa akaniuliza, nikamweleza. Akageuka nyuma.

"Wenzangu, leo hakuna kushuka."

"Wee Rispa, umerukwa?" Makanga huyo. "Abiria wako wapi?"

"Si hawa? Si kila siku unaimba gari imejaa? Leo imejaa. Toa gari!"

"Imejaa kabisa," mzee mmoja akadakia kutoka kiti cha nyuma. "Hata mimi nimebanwa."

Basi zima likacheka. Na pale kituoni sheria ni moja, basi likijaa linapisha la nyuma. Dereva wa nyuma akaona vichwa vimejaa, akaanza kupiga honi. Msimamizi wa kituo naye akaja na mwavuli, akachungulia, akapiga bati kwa kiganja: "Hii imejaa, itoke!" Makanga angesema nini? Kwamba wale si abiria? Dereva alinung'unika yote aliyojua, akatia gia.

Vituo vya mbele vilikuwa na watu wa kweli. Kila walipoingia, wenzake Rispa walishuka kidogo kidogo, kwenye mvua, warudi kwa miguu kazini kwao. Wakipita wananigusa bega. Yule mzee akaniambia, "Tuombee tena, mama, kama siku ile." Kumbe hawakuudhika.

Rispa hakushuka. Nikamwambia atapoteza kazi. "Nyamaza," akasema, "nimekaa."

Tulimkuta Perusi amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni kabisa, Akoth amemshika miguu, muuguzi amekunja uso. Nikamwombea kwa Kijita, lugha ya mama yetu. Maneno machache tu. Alipofumbua macho akamwona Rispa amelowa maji, akauliza huyu ni nani.

"Ni abiria mwenzangu," nikasema.

Rispa akajifuta uso. "Aki dada, miaka yote hii nakaa kwa basi. Leo ndiyo imenifikisha mahali."

Perusi alicheka. Wakamsukuma ndani akiwa bado anacheka.

Alitoka salama. Mungu akamwongezea miaka, akawabeba wajukuu zake, akaja hata hapa Mwanza tukala samaki sato, tukacheka mpaka tukanyamazishana. Sasa amelala kwa watu wa mumewe, kando ya ziwa lile lile, upande wao.

Rispa sikumwona tena. Siku zilizofuata nilichungulia kila basi pale kituoni. Mmoja akaniambia amehamia kituo kingine, mwingine akasema amerudi kijijini kwao. Makanga hakutaka hata kunijibu, na sura yake ilinipa jibu ambalo sikulitaka. Namba ya simu hatukuwahi kupeana. Ya nini, na kila asubuhi nilimkuta amekaa?

Giza linaingia. Nitapiga magoti sasa hivi, na nikimaliza kuwataja wangu nitamtaja yeye. Kwao sikujui, jina la baba yake silijui. Nitasema tu: Bwana, yule Rispa wa kwenye basi, popote alipokaa jioni hii, mfikishe.