Tulivyochagua Redio ya Land Rover ya Mama

Baba yangu mpendwa huko Lokichoggio,

Tumepata redio! Unisamehe kuanza na habari kabla ya salamu, lakini tangu Jumamosi siwezi kula bila kuitaja, na wadogo zangu wameanza kunikimbia. Sisi sote ni wazima. Mama ni mzima kabisa. Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja ni yako, na nyingine nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kliniki hapa Ekalakala, kwa sababu kuna jambo nililowaficha wanakamati na ninataka walisome kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Unakumbuka ulipokuwa wewe ndiwe dereva wa kliniki? Mama, na sare yake ya unesi, aliketi kando yako, nami nikabanwa nyuma kati ya masanduku ya chanjo. Tukifika kwenye mto wa mchanga nyuma ya mlima wa Kivaa ulizima gari, ukavua viatu, ukauvuka kwanza kwa miguu. Kazi yangu ilikuwa kupunguza upepo kwenye magurudumu ya nyuma huku nikihesabu.

"Pole pole, Mwende," uliniambia. "Huu si mtihani, hakuna mtu anakuja kukusanya karatasi."

Ni wewe uliyenionyesha kwamba mto ule hukauka mpaka mtu akasahau kuwa ni mto, kisha mvua inyeshe mbali huko juu, maji yateremke huku kwetu jua likiwaka.

Tangu ulipokwenda kuendesha malori ya chakula ya Sudan, usukani ameushika Mama. Msimu wa mvua uliopita mto ulijaa, akakaa siku mbili bila kurudi, nasi hatukujua yuko upande gani wa maji. Simu za mkono zimefika Machakos mjini, lakini nyuma ya Kivaa hata ukipanda mti hakuna mtandao. Ndipo kamati ya kliniki ikafanya harambee ya kununua simu ya upepo, ile watu wanaita redio kol: moja ya gari na mwenzake wa kukaa huku. Tungeweza kununua aina moja tu, kwa hivyo ilikuwa lazima tuchague vizuri. Mwalimu Kioko, mwenyekiti, alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba kwa kuwa niko kidato cha tatu na nimesoma mawimbi, mimi ndimi nitakayeandika ripoti ya kushauri kamati. Mimi! Nilinunua daftari jipya siku hiyo hiyo.

Fundi alitoka mjini na aina mbili tuzijaribu. Ya kwanza ni HF, ambayo eriali yake ni ndefu kama ufito wa kuezekea. Ya pili ni VHF, ndogo, yenye eriali fupi ya kukaa juu ya gari. Nilimwendea fundi alipokuwa peke yake nikamuuliza ile ndefu inafika wapi.

"Wewe unataka ifike wapi?"

"Loki."

"Loki ni hapa tu! Hiyo hata Juba utawasalimia."

Hilo ndilo jambo lenyewe, Baba. Nilikukumbuka ukiwa jikoni likizo yako ya mwisho, ukitusimulia kwamba kila siku saa nne asubuhi kambi yenu huongea na Nairobi kwa redio kama hiyo, na sauti huja kama ya jirani aliyesimama mlangoni kuomba chumvi. Niliandika ripoti siku ya Ijumaa, kabla hatujajaribu chochote. Niliandika HF. Nilitoa sababu tano, zote kwa maneno mazuri ya fizikia, na sababu ya kweli sikuiandika popote. Nilitaka kukusikia.

Jumamosi Mama aliendesha gari hadi nyuma ya mlima, redio zote mbili zikiwa ndani, nasi tukabaki kliniki na wenzao. HF ilianza vizuri sana. Gari likiwa limesimama, Mama alisikika mpaka tukapiga makofi. Alipoanza kwenda ikawa ni kelele za mandazi kwenye mafuta, na eriali ikawa inakamatwa na matawi ya miiba. Adhuhuri ikanyamaza kabisa.

"Hii inapiga juu, inaangukia mbali," fundi akasema. "Saa zingine watu wa karibu inawaruka."

VHF nayo iligonga mlima, haikupita hata neno. Baba, nilifurahi! Niliona ripoti yangu imepona. Kisha nikaikumbuka ile siku tuliyokwama mchangani, ulipowaita wachungaji kutoka chini mpaka sauti ikakauka bila mtu kugeuka. Ulipanda mgongo wa kilima, ukaita mara moja tu, wakaja. Nilikaa na wazo hilo kwa muda ambao sitauandika hapa. Halafu nikasema, "Tujaribu ile ndogo kutoka juu."

Boma la Mwalimu Kioko liko kwenye mgongo wa mlima kabisa, na kutoka hapo unaona pande zote mbili. Tuliweka betri ya gari aliyokuja nayo fundi kwenye kigoda, fundi akafunga eriali kwenye paa la ghala. Mwalimu, kwa kuwa ni kwake, akashika maiki akamwamkia kwa Kikamba.

"Mama Mwende, wakya!"

"Aa, Mwalimu!" Sauti ya Mama ilitoka safi, gari likinguruma nyuma yake. Na gari lilikuwa linakwenda! "Nakusikia vizuri. Nateremka mtoni nivuke, nirudi nyumbani."

Na salamu za Mwalimu unazijua. Alikibonyeza kile kitufe cha maiki akaanza: umeamkaje, umeshindaje, watu wa huko wako aje, mahindi yametoka, mbuzi wamezaa? Fundi alikuwa ametwambia kwamba ukikibonyeza husikii mtu, unasema wewe tu. Mwalimu alikibonyeza kama mtu aliyeshika mkono wa mgeni.

Mimi nilikuwa nimegeuka upande wa juu wa mto. Huko kulikuwa kweusi. Mvua ilikuwa imeshuka mpaka chini.

"Mwalimu," nikasema. Akaniinulia kidole ningoje. Alikuwa amefika kwa shangazi wa Kangundo.

Hujanifundisha kumkatiza mzee katikati ya salamu, wala hakuna aliyenifundisha. Nilimnyang'anya maiki mkononi.

"Mwaitu, Mama, usivuke! Kumenyesha juu! Usivuke!" Kisha nikaachia kitufe.

Sote watatu tuliinamia redio.

"Nimesikia," Mama akasema. "Gurudumu za mbele ziko kwa mchanga. Narudi nyuma."

Maji yalikuja tukiyatazama, ya rangi ya matofali. "Nayaona, Mwende," akasema tena, pole pole. "Ni mengi." Mwalimu aliketi chini, kando ya kigoda cha betri. Nilipomwomba msamaha alisema, "Mwana wakwa, umenikatiza na sikuwa nimefika hata kwa ng'ombe," tukacheka sote watatu mpaka machozi.

Ripoti ya Ijumaa nimeichana. Mpya ina ukurasa mmoja: VHF, na redio ya huku ikae kwa Mwalimu. Kamati imekubali yote. Mwalimu mwenyewe ameandika karatasi akaibandika juu ya mashine: salamu ni mbili tu, halafu achia.

Wanakamati wapendwa, sasa mnajua. Na wewe Baba, unajua pia kwamba nilipewa nafasi ya kuchagua redio inayofika kwako nikachagua nyingine. Nilidhani ningelia, lakini ninafurahi mpaka ninajishangaa. Leo asubuhi Mama aliniita kutoka nyuma ya mlima kuniambia tu kwamba ameona twiga.

Fundi anasema redio yetu inafika mpaka pale njia ya vumbi inapoachana na lami. Ukipata likizo Agosti, Mama atakungoja hapo na Land Rover. Mimi nitakuwa kwa Mwalimu tangu asubuhi. Ukishapanda, kabla hujafunga mlango, shika maiki useme neno lolote.

Endesha salama, na Mungu akutangulie barabarani,

Kifungua mimba wako