Mkoba wa Mgeni Mkononi mwa Baba

Nyumbani,
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka chumba cha mbele, kilekile. Kifua chako kimepona, au bado unakitibu kwa ubishi? Sisi tu wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo imechafuka, na nisipokuandikia nitagombana na vyombo.

Chuo alichokianzisha Baba kimefanya jubilei. Unakumbuka kilikoanzia: meza yetu ya kulia, viti vya kuazima, mimi na wewe tukifukuziwa jikoni ili mameneja wasome. Kisha vyumba viwili juu ya duka la dawa. Sasa ni jengo zima la vioo, na matawi kila upande.

Sharti la Baba hujalisahau. Hakuna meneja aliyefundishwa lolote kabla ya kukaa mlangoni asubuhi nzima, akipokea wageni na kuwatafutia viti. Kalamu Mbili, yule aliyekuwa akilala kwenye kochi letu, alinuna kuliko wote. Leo ndiye mkurugenzi, na sharti amelifuta. Eti limepitwa na wakati.

Baba hakualikwa. Nikamsihi tusiende, akanijibu kwamba mtu haalikwi kwake. Alitaka kitu kimoja tu, kusikia jina lake kwenye historia ya chuo. Akavaa suti ya siku ya harusi yako.

Kalamu Mbili alimpa mkono huku akiangalia pembeni.

"Mzee, kaa hapa mlangoni kwanza, tutakupangia."

Hawakumpangia. Wageni waliochelewa wakaingia, hakuna wa kuwapokea, basi Baba akainuka. Si unamjua? Akawaonyesha viti, na chake akakitoa. Mama mmoja akamwachia mkoba bila hata kumtazama usoni.

Historia ikasomwa. Ilianzia kwenye jengo la vioo. Meza yetu haimo, marehemu Mama na chai yake hayumo, Baba hayumo. Ukumbi ukapiga makofi. Naye alitaka kupiga, ila alikuwa ameshika mkoba wa watu. Nililia kwa hasira, wala sikuona aibu.

Tulirudi nyumbani. Alivua koti, akalitundika.

"Angalau hakuna mgeni aliyesimama."

Ukipiga simu, usimuulize habari za sherehe.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mjomba Mpole anakusalimu. Safari hii hata yeye ametukana. Mungu akulinde huko ugenini, na kila mlango utakaoingia, akuwekee mtu wa kukuinukia.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amefura