Somo la Kwanza ni Kupiga Mayowe

Tarime, 9 Februari 1976

Kaka Gasto,

Shikamoo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Nami nimefaulu mafunzo: sasa ni mwalimu wa kuogelea wa kijiji, nina cheti chenye muhuri.

Mkufunzi alitufundisha kwa fimbo. Aliyeinua kichwa kabla ya kuambiwa alichapwa mpaka damu ikachuruzika ndani ya Mto Mara. Mtihani wa mwisho, mmoja anamzamisha mwenzake, mwenzake anajinasua. Akishindwa, apige kelele aachiwe.

Simu ya maandishi uliyopata ilisema mdogo wetu Simoni alizama. Hakuzama, kaka. Nilimzamisha mimi, kwenye mtihani huo tuliopangwa pamoja.

Ukingoni walisimama vijana aliotahiriwa nao. Mbele yao alivumilia kisu bila kupepesa jicho. Angepigaje kelele kwa sababu ya maji? Mara tatu nilimwinua apumue, nikamsihi, "Piga kelele, Simoni!" Akanitemea maji usoni. Mkufunzi akanicharaza mgongoni: "Mrudishe chini!" Nikamrudisha. Mara ya nne alikuwa mzito, hapigani tena.

Msibani mzee mmoja alisema Simoni amekufa kiume. Nilimrukia, nikamvunja meno mawili.

Jana nimeanza kufundisha watoto. Maji hatujayagusa. Nimewapanga ukingoni, wanapiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Baba akipita anatema mate, anasema nawalea waoga. Nawaambia wapige tena.

Ni mimi, mdogo wako uliyebaki naye,
Nikolaus