Ndege wa Njia ya Katikati

Mama Espérance, mke wangu,

Amani iwe nawe na watoto hapo Butembo, mtaani Vulamba. Mnaendeleaje? Kakule bado anakataa maharage kama mtoto wa gavana? Na Espérance, homa imeshuka? Mimi mwili ni mzima, mais moyo haukai. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani kana kwamba Butembo iko ng'ambo ya barabara.

Sababu unaijua. Kaka yangu Paluku alinipigia simu akanieleza kikao cha wazee. Yeye alitaka mvuke mpaka wa Kasindi muingie Uganda, maana watoto ni wa ukoo wetu na ukoo wetu hukimbilia huko. Baba yako alitaka mpande kwake Musienene, mlime viazi mpaka vita vichoke. Wakabishana siku nzima, kisha wakafanya kama wazee wetu wanavyofanya siku zote: wakagawa katikati ili asishindwe mtu.

"Bazee balishakata maneno," Paluku akasema. "Bibi yako, mama Espérance, na batoto bataenda kukaa Beni, kwa baba mudogo. Mutoto akipona tu, banaondoka. Beni ni katikati, hakuna mwenye atakasirika."

Simu ikakatika kabla sijajibu. Tangu hapo sijui niombe homa ipone au ikawie.

Sasa nisikilize, usicheke. Unajua kazi yangu hapa Ujerumani ni kulisha ndege wa wasomi. Ni ndege wadogo wa kijivu, dume ana kofia nyeusi, na kuimba wanajua. Baridi ikikaribia wanataka kuhama. Hata waliozaliwa kizimbani, wasioonyeshwa njia na mtu, jua likizama wanaanza kurukaruka kuelekea upande wa wazazi wao. Wa magharibi huelekea Uhispania. Wa mashariki huzungukia upande wa pili, na wengine hufika mpaka milima yetu ya Kivu. Nilipoambiwa hivyo nilitoka nje. Kindege kinafika nyumbani, mimi hapana. Niliona wivu, na bado ninao.

Bibi daktari anayewachunguza aliwaoanisha wa pande hizo mbili. Nilidhani watoto watafuata baba, kama kwetu. Kumbe nao wamegawa katikati, wanarukia kusini moja kwa moja. Nikamwambia hawa wana adabu, hawakumkosea baba wala mama. Akacheka, kisha akanionyesha kwenye ramani kilichoko kusini: milima ya theluji, halafu bahari, halafu jangwa pana. Kila mzazi huizunguka milima kwa upande wake. Mtoto anayewaheshimu wote wawili ndiye anayeingia humo. Porini, alisema, wengi wao wangekufa.

Beni ndiyo milima hiyo. Kila mwenye bunduki anaitaka, na baba mdogo mwenyewe amewahamisha watoto wake. Wazee wanajua. Wanaogopa kununiana kuliko wanavyoogopa risasi.

Wapo pia ndege waliozaliwa wakielekea Uingereza, njia isiyo ya baba wala ya mama. Zamani baridi iliwamaliza. Siku hizi watu wa huko huwawekea chakula bustanini, wanapona, na watoto wao wanazaliwa na njia hiyo mwilini. Kwa hiyo njia ya ukoo si amri ya Mungu.

Donc nasema kama baba yao: msikae Beni. Njia mbili zilimshinda fisi. Chagua Musienene, au chagua Kasindi; na kama ni Kasindi, Beni mpite tu bila kulala. Wewe ndiye unayesikia milio inatoka wapi. Mimi nasikia redio. Utakalochagua ndilo neno langu. Wazee wakinuna, nitawalipa mbuzi nikirudi. Mtoto halipiki kwa mbuzi. Ninaogopa, Kavira, na sioni aibu kukuambia.

Nisalimie baba mkwe kwa heshima zote, na mama yangu mkubwa anayeuza mboga sokoni. Paluku naye, mwambie nampenda hata hivyo.

Padri anayekuletea barua hii amechukua nyingine mbili fupi: moja ya baba yako Musienene, moja ya binamu yako wakala wa forodha Kasindi. Zote zinasema, mke wangu na watoto wako njiani, wafungulieni. Mmoja wao atangoja bure, anisamehe. Beni sikuandika.

Mume wako,
Kasereka