Miaka ya Kabula

Jumatatu, 2 Machi
Mikate tena. Naingia kiwandani kunapambazuka, natoka giza likiingia. Mkate kwenye mfuko, mfuko unafungwa, kreti, mkate mwingine. Kabula yuko upande wa pili wa meza ya kufungashia kama kawaida. Leo alisinzia amesimama, mkono bado umeshika mkate. Nilimkanyaga mguu kabla msimamizi hajageuka.

Darasani sikwenda. Wiki nzima iliyopita pia sikwenda. Mama mdogo amenilipia ada ya kituo nirudie mtihani wa kidato cha nne, na vipindi vinaanza saa kumi jioni, mimi nikiwa bado katikati ya kreti. Nimechoka. Sina kingine cha kuandika.

Jumatano, 4 Machi
Umeme ulikatika, eneo lote la viwanda la Nyakato likawa kimya. Tukaruhusiwa mapema. Nilikimbia darasani nikiwa na unga kwenye nywele.

Mwalimu wa Uraia alikuwa kwenye haki za mtoto. Akasema aliye chini ya miaka kumi na nane akiajiriwa, sheria inataka asizidishe masaa sita kwa siku, apumzike katikati, na usiku asifanye kazi kabisa. Wenzangu wakaandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nina miaka kumi na saba. Tangu Januari nafanya kumi na mawili kwa siku.

Baada ya kipindi nikamfuata nikamwuliza kama hiyo ni kweli au ni ya mtihani tu. Akacheka kidogo, akasema ni kweli, niende hata ofisi ya kazi ya serikali nikaulize.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 5 Machi
Nilimwambia Kabula mchana tukila mihogo. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Na mshahara nao si watakata nusu?" Nikasema sijui. "Basi nyamaza, Koku."

Ana miaka kumi na sita. Kwao ni Busisi, ng'ambo ya ziwa. Mama yake alikuwa akiuza chakula kwa abiria waliosubiri kivuko. Siku hizi magari yanapita juu ya daraja jipya moja kwa moja, hakuna anayeshuka kula. Wadogo zake wanamtegemea yeye.

Namwelewa. Nimekasirika vilevile. Yeye anyamaze, na mimi ninyamaze, mtihani nitausomea lini?

Ijumaa, 6 Machi
Nimesema.

Nilimsubiri msimamizi wetu, Mama Happy, avue aproni. Nikamwamkia, nikaeleza yote kwa pumzi moja. Aliitikia marahaba, halafu akaikunja aproni. Akauliza nani kanituma. Nikamwambia hakuna, nataka kusoma tu. Akasema atamfikishia bosi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningejua nimesimama wapi.

Kabula aliniona nikitoka kwa Mama Happy. Hakunisubiri getini.

Jumatatu, 9 Machi
Bosi alitukusanya stoo ya unga. Akasema hataki matatizo na serikali. Wote walio chini ya miaka kumi na nane wasimame upande wa mlango. Kuanzia kesho watatoka mchana, na mshahara utakuwa nusu. Watu wazima watajaza mapengo, pamoja na zamu ya usiku.

Nikaenda mlangoni. Wavulana wawili wa kupanga trei nao wakaja. Kabula akabaki palepale, anaangalia magunia.

Mama Happy akamwuliza, "Na wewe?"

"Nina kumi na tisa."

Kuna aliyecheka nyuma. Kabula ana uso wa mtoto wa darasa la saba. Mama Happy akanigeukia. "Koku, huyu ni rafiki yako. Ni kweli?"

Wote wakaniangalia. Kabula peke yake hakuniangalia.

Nikasema, "Ni kweli, mama."

Mimi. Mimi niliyeleta habari za sheria. Najichukia.

Jumanne, 10 Machi
Nimetoka mchana, jua liko juu. Sijazoea. Nilioga, nikala, nikafika darasani kabla ya mwalimu. Hesabu za logarithi. Nilielewa mbili kati ya nne. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kidogo, halafu nikamkumbuka.

Alhamisi, 12 Machi
Wamemhamishia Kabula zamu ya usiku. Kwa kuwa ni mtu mzima.

Tulipishana getini asubuhi, mimi naingia, yeye anatoka. Macho mekundu, kanga begani, midomo imekauka. Nikamsalimia. Akasema, "Umeona sasa kelele zako?" Akapita.

Siku nzima nimefungasha mikate kwa hasira. Nimechana mifuko, nimesemwa. Namchukia bosi. Hahitaji kuuliza, anamwona wazi kwamba ni mtoto. Nachukia na hiyo sheria, inamlinda aliyesogea mlangoni, aliyebaki kwenye magunia inamwacha. Najichukia na mimi, ila hilo nimeshaliandika.

Jumapili, 15 Machi
Misa na mama mdogo. Sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Jumanne, 17 Machi
Kabula ameungua mkono. Trei ya moto; usiku wanamweka kwenye oveni. Amesinzia akiwa ameishika.

Nilimkuta getini ameketi kwenye tofali, mkono umepakwa dawa ya meno kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Nikamwambia twende zahanati. Akakataa. Zahanati watauliza umri, watauliza ameungulia wapi. Nikamshika bega kumnyanyua, akanisukuma kwa ule mkono mzima.

Sikwenda mezani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Happy, hata shikamoo nilisahau.

"Nilidanganya. Kabula ana kumi na sita."

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Akamaliza kufunga. "Najua," akasema. "Nilijua tangu siku alipoanza kazi."

Nikamwuliza kwa nini basi aliniuliza mimi mbele ya watu. Akasema, "Ili jibu lisitoke kwangu. Na mimi nina watoto, Koku."

Sijawahi kumkasirikia mtu mzima namna ile. Nilishindwa hata kuondoka. Nikasimama pale nalia kama mtoto mdogo, unga unaganda usoni.

Halafu akachukua mkoba wake. Akatoka mpaka getini, akamnyanyua Kabula kwa kwapa, wakaenda zahanati. Safari hii Kabula hakubisha. Aliponipita alinitazama mara moja tu. Alishajua kwamba nimesema.

Jumatano, 18 Machi
Mama Happy amemweleza bosi. Walijifungia ofisini, sauti zikasikika mpaka kwenye oveni. Alipotoka hakumtazama mtu. Alisema Kabula anarudi zamu ya asubuhi, masaa sita, akishapona vizuri atarudi kwenye trei, kwa sasa mifuko tu. Gharama za zahanati ni za kiwanda. Mshahara nusu, kama sisi.

Mchana Kabula akanifuata bombani. Mkono umefungwa bendeji nyeupe.

"Umenisaidia nini?"

Nilikuwa na majibu mengi usiku, kitandani. Pale bombani nikafungua maji, nikanawa unga mikononi.

"Niambie basi. Mama nikimpigia simu nimwambie nini? Kwamba rafiki yangu anataka kufaulu?"

Nikasema samahani. Akasema samahani haipikwi. Nadhani ana haki. Nadhani na mimi nina haki. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kwa nini masaa yakipungua na sisi tupungukiwe? Bosi hajapungukiwa na kitu. Mikate inatoka ileile.

Ijumaa, 20 Machi
Meza moja tena. Haongei. Ananisukumia mifuko bila kuinua macho. Namaliza zamu nikiwa nimechoka kuliko nilipokuwa nafanya kutwa.

Nilimweleza mama mdogo mwanzo mpaka mwisho. Hakunipongeza, hakunilaumu. Akauliza kama huyo mtoto ana mtu wa kumpikia, na mkono ule. Nikasema anaishi peke yake. Akaniangalia kama vile nimekaa na jibu wiki nzima sijaliona.

Jumamosi, 21 Machi
Mama mdogo alipika ndizi na maharage, akanijazia hotpoti. Kabula amepanga chumba nyuma ya gereji, nyumba yenye milango mingi. Nilifika alasiri. Jirani yake alikuwa anafua uani. Akasema Kabula alirudi mchana, akaingia, hajatoka.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikagonga kidogo. Nikachungulia.

Amelala ubavu juu ya godoro, mdomo wazi, mkono wenye bendeji kifuani. Jua lilikuwa linaingia dirishani mpaka miguuni pake. Hakuvua hata viatu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo. Nikaweka hotpoti kando ya ukuta, mahali asipoweza kuipiga teke. Nikapiga magoti, nikalegeza kamba taratibu, nikamvua kiatu kimoja, halafu cha pili. Hakushtuka.

Nikarudisha mlango. Jirani akauliza kama nimempata. Nikasema nimempata, bado amelala, amwache.