Vidonge Ulivyoviita vya Mgongo

Mpendwa Mama,

Nakuandikia jambo ambalo, kama ungekuwa bado umekaa jikoni kwangu hapa mtaani Section 58, nisingethubutu kulitamka. Mkaza mwana hamzungumzii mama mkwe habari za uume wa mwanawe. Lakini huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike Gilgil, na mwanao Wafula mwenyewe amesema, "Mwandikie tu. Mathe alijua zaidi ya tulivyodhani."

Unakumbuka ule mwaka aliponyamaza? Alikuwa akirudi kutoka kutengeneza friji za watu, anakula, anaoga, kisha analala na suruali ndefu, uso ukutani. Nikimgusa bega anasema amechoka. Miezi mitano, Mama. Nilifika mahali pa kunusa mashati yake nikitafuta marashi ya mwanamke.

Nilichopata ni mkebe wa vidonge usio na maandishi, ndani ya sanduku lake la vifaa. Niliwaza virusi vya UKIMWI, nikamwaza mtoto wetu Joy, nikakujia mbio. Ulikuwa unachambua maharagwe. Uliutikisa ule mkebe mara moja, ukaniuliza, "Umemuuliza mwenyewe?"

"Naogopa, Mama."

Ukamwita. Alipouona mkebe mkononi mwako alitaka kutoka. Ulimwambia, "Kaa. Mimi sitaki kujua ni za nini. Nimekuzaa, kuna mambo siwezi kusikia. Lakini huyu ni mke wako. Naenda kanisani, na nikirudi awe anajua."

Ilikuwa Jumanne. Kanisa lilikuwa limefungwa, na wewe ulijua.

Aliniambia akiangalia sakafu. Ndani ya uume wake kulikuwa na kitu kigumu kama kovu, na ukisimama ulipinda upande na kumuuma. Kwanza alidhani amelaaniwa, kisha akadhani ni kansa. Mtu fulani kwenye simu akamuuzia vile vidonge, akamwahidi kwamba baada ya mwezi mmoja angenyooka kama rula. "Nilijua utanicheka," akasema. Sikucheka. Nilimuuliza kama inauma hata sasa, akatikisa kichwa, tukalia wote wawili.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke, na Wafula nusura ageuke mlangoni. Nilimshika mkono. Daktari alimpima, akatueleza kwamba ni kovu kweli, kwamba si kansa wala haliambukizi, na kwamba wanaume wengi hulipata wakalificha. Aliutazama ule mkebe, akasema hata yeye hajui ni dawa gani, akauweka kando. Kisha akaandika vidonge vingine.

"Nisikudanganye, mzee," akamwambia. "Hatuna hakika kwamba dawa ya kumeza inanyoosha. Tunajaribu kwa sababu bado ni mapema na unaumwa. Mara nyingi maumivu hupungua yenyewe."

Tulipofika nyumbani ulinivuta kando.

"Ni ya kuua?"

"Hapana, Mama."

"Ya kuambukiza?"

"Hapana."

"Basi njoo tupike."

Hukuuliza tena. Lakini uliposikia kwamba ni mara tatu kwa siku, na lazima tumbo liwe na kitu, uliichukua ile kazi ukaifanya yako. Alfajiri uji wa wimbi ulikuwa mezani, na chupa nyingine ya uji ndani ya mfuko wake wa kazi. Ulimpigia simu saa saba mchana akiwa nyuma ya friji kwa watu: "Umemeza?" Wageni wakiuliza ni dawa ya nini, ulijibu kabla hatujafungua mdomo: "Ni mgongo. Hizo friji ni nzito."

Maumivu yalipungua polepole, mwisho yakaisha. Kama ni vidonge au ni muda, daktari mwenyewe alisema hawezi kuapa. Alimwachisha dawa, akatuambia kuna sindano na kuna upasuaji tukihitaji. Hatujahitaji. Uume bado umepinda kidogo, Mama, na tumejifunza. Tunacheka hata, taa ikiwa imewaka.

Wiki chache kabla hujatuacha, nikikupaka mafuta miguuni, ulisema bila kuulizwa: "Baba yake Wafula naye alinipa mgongo. Miaka tisa. Sikuuliza, naye hakusema, mpaka akafa. Hadi leo sijui ilikuwa nini." Ukanyoosha mguu wa pili nipake. Nililia baadaye, nikianika nguo.

Mwezi uliopita Wafula alisimama kwenye kikao cha wanaume kanisani akaeleza yote, kila kitu kwa jina lake. Anasema mtu mmoja tu alikohoa. Lakini walipotoka, wanaume wawili walimfuata hadi kwenye pikipiki yake, kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke kwanza, kuomba namba ya daktari. Mmoja wao ana miaka thelathini kwenye ndoa.

Wafula alimpa namba, akamwambia, "Lakini usiende peke yako. Nenda na mke wako."

Pumzika, Mama. Huku kwetu tunaongea.

Mkaza mwanao,
Mama Joy